Denis Burkitt na Ramani ya Uvimbe

Utangulizi

Kila ifikapo Desemba, shule zinapofungwa, familia nyingi za mitaa ya Eastlands jijini Nairobi hufunganya virago na kuelekea kituo cha mabasi cha Machakos. Kutoka Kaloleni, Makongeni, Jericho na Ofafa, wazazi huwapeleka watoto kwa babu na nyanya zao katika vijiji vya ukanda wa Ziwa Viktoria. Safari hiyo ya usiku mmoja huanza katika jiji lililo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na kuishia katika nchi ya joto, mvua na mbu. Watoto hulala vitini wasijue kwamba wanavuka mpaka ambao hauna lango wala askari. Upande mmoja wa mpaka huo kuna saratani ya watoto ambayo upande wa pili ni nadra kuonekana.

Mpaka huo ulichorwa na daktari mpasuaji aliyekuwa na jicho moja, Denis Parsons Burkitt. Jina lake hutajwa katika kila hospitali inayotibu saratani duniani, kwa kuwa uvimbe alioueleza unaitwa limfoma ya Burkitt. Hata hivyo, wengi walitajao jina hilo hawajui kwamba kisa chake ni kisa cha Afrika Mashariki: kilianzia Kampala na Jinja, kikapitia Nairobi, na kingali kinaendelea Kisumu. Aidha, ni wachache wajuao kuwa kisa hicho ni miongoni mwa milango iliyowaingiza wanasayansi katika swali kubwa la utafiti wa saratani: je, uvimbe na kinga ya mwili huathirianaje? Makala haya yanasimulia maisha ya Burkitt kwa kulifuata swali hilo.

Mwana wa Mchora Ramani

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari, 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa wilaya ambaye wakati wake wa mapumziko aliutumia kuchunguza ndege. Mzee huyo aliwanasa ndege wadogo wa bustanini mwake, akawavisha pete miguuni, kisha akawaachilia na kuchora ramani ya mahali kila mmoja alipoonekana. Kwa njia hiyo aligundua kwamba kila ndege ana himaya yake na mipaka anayoilinda. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na tabia hiyo ya kuuliza kitu kinapatikana wapi na kinakoma wapi ndiyo iliyokuja kumpa mwana umaarufu.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, Burkitt alipigwa jiwe katika ugomvi wa watoto, akapoteza jicho la kulia. Mwaka wa 1929 alijiunga na Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama babaye. Huko imani yake ya Kikristo iliota mizizi, akaamini kuwa ameitiwa kazi ya uganga, akabadili masomo. Alihitimu udaktari mwaka wa 1935, na mwaka wa 1938 akapata sifa ya upasuaji mjini Edinburgh. Ombi lake la kwanza la kufanya kazi katika utumishi wa kikoloni, alipotaka kupelekwa Afrika Magharibi, lilikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Ilionekana kwamba mtu wa jicho moja hafai kuwa mpasuaji katika nchi za mbali.

Vita Vikuu vya Pili vilimfungulia njia iliyokuwa imefungwa. Aliingia katika kikosi cha madaktari wa jeshi la Uingereza mwaka wa 1941, na miongoni mwa nchi alizotumikia ni Kenya na Somalia. Nairobi haikuwa ngeni kwa ukoo wake, kwani ami yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari mashuhuri mjini humo tangu mwanzoni mwa karne. Mwaka wa 1943 alimwoa muuguzi Olive Rogers, na baada ya vita aliomba tena utumishi wa kikoloni. Safari hii alikubaliwa, na mwaka wa 1946 akapelekwa Uganda.

Mabusha ya Lango

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika wilaya ya Lango. Alikuwa mpasuaji wa pekee kwa watu wengi mno. Kati ya magonjwa aliyoyapasua kwa wingi ni mabusha. Daktari mwingine angepasua, akashona na kusahau. Burkitt aliuliza kila mgonjwa atokako, kisha akaona kuwa wengi hutoka upande wa mashariki wa wilaya na wachache sana upande wa magharibi. Matokeo hayo aliyachapisha katika jarida la Lancet mwaka wa 1951. Ilikuwa kazi ndogo isiyowashughulisha wengi, lakini ilimwonyesha kwamba ramani inaweza kusema jambo ambalo kisu hakiwezi kulisema.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia Kampala. Tangu 1948 alifanya kazi katika Hospitali ya Mulago na kufundisha wanafunzi wa udaktari wa Makerere.

Taya za Mtoto wa Mulago

Mwaka wa 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini kumtazama mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto, na meno yalikuwa yamelegea. Burkitt hakuwahi kuona jambo kama hilo. Maambukizi huvimbisha upande mmoja. Na uvimbe wa saratani huanzia mahali pamoja. Alipiga picha, akashindwa kuutambua ugonjwa, na mtoto hakuwa na tiba.

Wiki chache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja. Alipotazama nje ya dirisha alimwona mtoto mwingine ameketi na mamaye, uso wake umevimba kwa namna ile ile. Alitoka mbio akamchunguza, akagundua kuwa tumboni pia mlikuwa na uvimbe. Mtoto mmoja ni ajabu. Watoto wawili ni ugonjwa. Aliporudi Mulago alifukua majalada ya watoto waliokufa kwa saratani. Uvimbe wa taya, wa figo, wa ini na wa ovari, ambao kila mmoja ulikuwa umeandikwa kwa jina lake, mara nyingi ulikuwa umekaa pamoja katika mwili wa mtoto mmoja. Haukuwa magonjwa mengi. Ulikuwa ugonjwa mmoja wenye nyuso nyingi.

Makala yake ya kwanza kuhusu ugonjwa huo yalitoka mwaka wa 1958 katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Ni haki kusema kwamba Burkitt hakuwa mtu wa kwanza kuuona. Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka wa 1897, alikuwa ameweka kumbukumbu za watoto wenye uvimbe wa taya miaka mingi kabla. Ni haki pia kusema kwamba wanapatholojia wa Kampala, Jack Davies na Mmarekani Gregory O'Conor, ndio walioonyesha kwa hadubini kuwa uvimbe huo ni limfoma, yaani saratani ya seli nyeupe za damu. Hapo pana jambo la kutafakari. Seli hizo nyeupe, za aina iitwayo B, ndizo kiwanda cha kingamwili. Kwa maneno mengine, saratani hii ni askari wa mwili mwenyewe aliyeasi.

Chini ya hadubini uvimbe huo una sura ya pekee. Seli za saratani zimesongamana kama giza la usiku, na katikati yake zimetapakaa seli kubwa nyeupenyeupe ziitwazo makrofaji, ambazo kazi yake ni kumeza mizoga ya seli zilizokufa. Wanapatholojia huifananisha sura hiyo na anga lenye nyota. Tangu mwanzo, basi, saratani na askari wa kinga walionekana wamekaa ndani ya nyumba moja, ijapokuwa hakuna aliyejua wanafanyiana nini.

Safari Ndefu

Burkitt alitaka kujua ugonjwa unakoma wapi. Alitawanya mamia ya vikaratasi vyenye picha kwa hospitali za Afrika, akiuliza kama watoto wa namna hiyo wamewahi kuonekana. Majibu yalipowekwa alama kwenye ramani, ulijitokeza mkanda mpana ukikata Afrika katikati, pande zote mbili za Ikweta, wenye mkia unaoteremka upande wa mashariki kuelekea Msumbiji. Ili kuujua ukingo wa mkia huo, alilazimika kwenda mwenyewe.

Tarehe 7 Oktoba, 1961 aliondoka Kampala kwa gari kuukuu pamoja na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Williams alifaa mno, maana alijua kutengeneza magari pamoja na kutibu watu. Kwa muda wa majuma kumi walisafiri takriban kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini na kurudi, wakazuru hospitali 57. Swali lao lilikuwa moja kila walikofika: mmewaona watoto hawa, au hamjawaona?

Jibu lilifuata mwinuko wa nchi. Karibu na Ikweta ugonjwa ulikoma kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi. Kadiri walivyozidi kwenda kusini ndivyo ulivyokoma kwenye mwinuko mdogo zaidi. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi wa Entebbe, aliona kuwa kinachoamua si mwinuko bali ni joto na mvua. Penye baridi au ukame, ugonjwa haupo. Kwa Kenya, ramani hiyo iligawa nchi waziwazi: pwani na kandokando ya ziwa ugonjwa upo, katika nyanda za juu, Nairobi ikiwemo, watoto wasiotoka huko huupata kwa nadra.

Kilichofuata joto na mvua namna hiyo kilijulikana kwa kila mkazi wa Afrika Mashariki: mbu. Burkitt alidhani kwamba mbu hueneza virusi viletavyo saratani. Alipatia nusu, akakosea nusu. Gilbert Dalldorf, aliyefanya utafiti Kenya pamoja na mwanapatholojia wa Nairobi Allen Linsell, alieleza mwaka wa 1964 kwamba ramani ya uvimbe inalingana na ramani ya malaria kali. Burkitt aliipokea hoja hiyo, akaitetea. Mbu, kumbe, hakuwa akibeba saratani. Alikuwa akibeba malaria, na malaria ilikuwa ikiidhoofisha ngome ya mwili.

Wingu Ndani ya Chupa

Miezi kadhaa kabla ya safari hiyo, tarehe 22 Machi, 1961, Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex mjini London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti kijana wa virusi, Anthony Epstein. Kabla ya mhadhara kwisha, Epstein alikuwa ameamua kuacha kazi nyingine zote. Walikubaliana kwamba vipande vya uvimbe vya watoto wa Kampala vitumwe London kwa ndege.

Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakupata kitu. Kisha, Desemba 1963, ndege iliyobeba kifurushi kimoja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kilipomfikia, maji yaliyozunguka kipande cha uvimbe yalikuwa yameingia wingu kama maji yaliyooza. Badala ya kuyamwaga, aliyatazama kwa hadubini, akaona seli za saratani zilizo hai zikielea. Yeye na Yvonne Barr walizikuza, na mapema mwaka wa 1964, kwa hadubini ya elektroni, virusi visivyojulikana vilionekana ndani yake. Ugunduzi huo, ambao Bert Achong alishiriki, ulichapishwa Machi 1964. Hivyo ndivyo ulimwengu ulivyopata virusi vya Epstein-Barr, virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Hata hivyo, ugunduzi huo ulizaa fumbo jipya. Ilibainika baadaye kwamba zaidi ya watu tisa kati ya kumi duniani wana virusi hivyo. Huenea kwa mate, huingia katika seli B na kukaa humo maisha yote. Kwa wengi havidhuru, kwa sababu seli nyingine za kinga, seli T, huzilinda zamu na kuziua seli B zinazozidi mipaka. Swali likawa si tena kwa nini mtoto wa ziwani ana virusi, bali kwa nini walinzi wake wameshindwa kuvidhibiti.

Nairobi na Fumbo la Dozi Moja

Wakati huo watoto walikuwa wakifa. Uvimbe huu ni miongoni mwa saratani zikuazo kwa kasi kuliko zote. Seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Upasuaji uliharibu uso bila kuokoa maisha, na Mulago haikuwa na mashine ya tiba ya mionzi. Burkitt, kwa ushauri wa madaktari wa Marekani kama Joseph Burchenal wa New York, alianza kutumia dawa za kemikali. Alizokuwa nazo zilikuwa chache, kwa hiyo dozi nazo zilikuwa ndogo. Uvimbe uliyeyuka mbele ya macho, nyakati nyingine kwa siku chache tu. Wengi wa watoto hao uliwarudia. Lakini wachache waliopewa dozi moja au mbili walipona kabisa, wakakua.

Nairobi ilikuwa ikishuhudia jambo hilo hilo. Katika Hospitali ya King George VI, ambayo baada ya uhuru iliitwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Peter Clifford, mpasuaji wa masikio, pua na koo, aliwatibu watoto walioletwa kutoka Nyanza na pwani, naye akahesabu waliopona kwa muda mrefu. Dawa kidogo kiasi hicho haiwezi kuua kila seli ya saratani. Ni nani, basi, aliyeimaliza kazi? Burkitt na Clifford walishuku kwamba dawa ilipunguza adui, kisha kinga ya mtoto ikamaliza waliosalia.

Shaka hiyo iliwaleta Nairobi wageni kutoka Stockholm. George Klein, mzaliwa wa Hungaria aliyenusurika mauaji ya Wayahudi wa Budapest, alikuwa akifanya utafiti wa kinga na saratani katika Taasisi ya Karolinska pamoja na mkewe, Eva. Kwa kushirikiana na Clifford, walichukua maji ya damu ya wagonjwa, wakayachanganya na seli hai za uvimbe, kisha wakatia dawa ing'aayo inayoshikamana na kingamwili. Seli zilipong'aa pembezoni kama pete, ilidhihirika kuwa kingamwili za mtoto zilikuwa zimeunata uvimbe wake. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka wa 1966. Baadaye ilifahamika kuwa kilichong'aa kilikuwa alama ya virusi juu ya seli, si alama ya saratani yenyewe. Hata hivyo, jambo moja halikutanguka: kinga ya mtoto ilikuwa imemwona mgeni.

Seli Iitwayo Daudi

Mwaka wa 1967 akina Klein walikuza Stockholm seli zilizotoka katika uvimbe wa kijana mmoja wa Kenya. Seli hizo ziliitwa Daudi. Tangu hapo zimekuwa zikigawanyika bila kukoma katika maabara za mabara yote, na jina hilo la Kiswahili hutamkwa kila siku na watu wasiojua neno lingine la lugha hii. Thamani yake kubwa ni kasoro yake. Kila seli ya mwili hubandika juu ya ngozi yake vipande vya protini ilizo nazo ndani, mfano wa wafanyakazi wa Nairobi ya kikoloni waliolazimishwa kuvaa kipande shingoni. Seli T hupita zikikagua vipande hivyo, na zikiona kilicho kigeni huua. Daudi imepoteza protini inayoshikilia vipande. Haionyeshi chochote, na seli T huipita. Lakini kuna askari wengine, seli asilia za kuua, ambao desturi yao ni kinyume: humshambulia asiye na kipande, hasa wanapochochewa. Mengi yanayojulikana kuhusu askari hao yalifunzwa kwa msaada wa Daudi.

Seli nyingine, Namalwa, za mtoto wa Afrika Mashariki, zilikuzwa viwandani kwa wingi ili kutengeneza interferoni, protini ambayo mwili hutumia kupambana na virusi. Saratani iliyomuua mtoto ikageuzwa kuwa kiwanda cha kinga ya watu wengine. Katika miaka hiyo taratibu za kumwomba mgonjwa au mzazi ridhaa hazikuwa kama zilivyo leo. Sayansi ilimpa Burkitt jina juu ya ugonjwa, ikampa Epstein jina juu ya virusi, na ikawapa watoto hawa jina juu ya chupa.

Utafiti uliofuata ulieleza namna uvimbe unavyojificha. Katika seli ya Burkitt, kromosomu mbili hukatika na kuunganishwa visivyo, ili jeni la ukuaji liwekwe jirani na jeni la kutengeneza kingamwili, ambalo halilali. Seli hugawanyika bila breki. Wakati huo huo virusi vilivyomo ndani hunyamaza, vikabakiza hasa protini moja ambayo seli T hupata taabu kuitambua. Hata zile makrofaji za anga lenye nyota hazina hatia kamili: majaribio yameonyesha kwamba zinapomeza seli zilizokufa huweza kutoa vichocheo vinavyousaidia uvimbe kukua. Askari huulinda uvimbe, na uvimbe humfunza askari. Hayo ndiyo mahusiano ambayo watafiti wa saratani huyachunguza leo katika kila aina ya uvimbe.

Miaka ya Mwisho

Burkitt aliondoka Uganda mwaka wa 1966. Mwaka uliofuata ilianzishwa Kampala taasisi ya saratani iliyoendeleza tiba ya watoto aliowaacha. Huko Uingereza aligeukia swali jingine la ramani: kwa nini magonjwa ya utumbo yaliyojaa Ulaya ni haba katika vijiji vya Afrika? Alijibu kuwa ni nyuzinyuzi za vyakula visivyokobolewa, akawa mhubiri wa ugali wa nafaka nzima, maharagwe na mboga mbele ya watu waliozoea mkate mweupe. Si madai yake yote yaliyothibitishwa, lakini alibadili meza za wengi. Mwaka wa 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, Royal Society, akapata pia tuzo ya Lasker pamoja na madaktari wengine kwa tiba ya saratani kwa dawa. Alifariki tarehe 23 Machi, 1993 akiwa na umri wa miaka 82.

Hitimisho

Kazi aliyoianza ilirudi ziwani. Tangu mwaka wa 1972, katika wilaya ya West Nile nchini Uganda, damu ya watoto wapatao 42,000 ilitolewa na kuhifadhiwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 1978 yalionyesha kwamba watoto waliokuja kuugua walikuwa na kingamwili nyingi mno dhidi ya virusi vya Epstein-Barr muda mrefu kabla ya uvimbe kuonekana. Katika miaka ya 2000 watafiti wa Kenya na Marekani, wakiwemo Rosemary Rochford na Ann Moormann, waliwalinganisha watoto wa Kisumu, penye malaria kali, na watoto wa Nandi, nyanda za juu penye malaria kidogo. Watoto wa Kisumu walikuwa na virusi vingi zaidi damuni, na seli T zao zilikuwa dhaifu zaidi katika kuvitambua. Malaria ya mara kwa mara huchochea seli B zigawanyike na papo hapo huchosha walinzi wake. Ramani iliyochorwa kwa gari kuukuu ilikuwa imepata maelezo ndani ya tone la damu.

Burkitt alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na ramani yake ilitegemea majibu ya hospitali za kikoloni na za misheni. Ukweli huo hauondoi ukweli wa pili: alimtazama mtoto wa Kiafrika aliyekuwa anakufa, akakataa kuamini kwamba kifo hicho hakina sababu inayoweza kuchunguzwa. Deni lililobaki si la sifa. Katika nchi tajiri takriban watoto tisa kati ya kumi wenye limfoma ya Burkitt hupona. Katika ukanda ule ule ulioipa dunia maarifa hayo, wanaopona ni wachache zaidi, kwa kuwa wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa au hukatiza tiba kwa kukosa nauli na fedha. Uvimbe unaoongezeka maradufu kwa siku moja hausubiri mwisho wa mwezi.

Shule zikifunguliwa Januari, mabasi hurudi Nairobi. Mzazi wa Kaloleni au Jericho ambaye mwanawe amerudi kutoka ziwani na shavu lililovimba, meno yakiwa yamelegea, hafai kudhani kuwa ni jipu la jino, wala hafai kungoja. Aulize, na amwambie daktari mahali mtoto alikokuwa. Swali la mahali ndilo lililoanza yote.